Mgongo wa Mzee Mhando

Ijumaa, saa kumi alasiri. Tangu asubuhi mawingu yamepita juu ya kijiji yakielekea milima ya Usambara, kama kawaida yake, na sisi huku Handeni yametuachia vumbi. Upepo umetulia. Moyo wangu nao, kwa mara ya kwanza wiki hii, umetulia.

Daftari langu, leo nina la kuungama.

Hii ni wiki ya tatu tangu nianze kazi zahanati. Kazi! Hata kuliandika neno lenyewe naona aibu, kama nimejifunga kanga ya mama. Nilimaliza Kidato cha Nne Korogwe, nikikaa kwa shangazi mtaa wa Kilole, nikarudi nyumbani kusubiri matokeo. Nikakuta nyumbani kwenyewe kumehama. Wazee wameacha miji yao ya porini, wamekuja kupangwa kwa mistari hapa kijijini. Sijamaliza kuwajua majirani, mwenyekiti akamwambia baba kwamba zahanati imepata daktari mgeni, Kiswahili chake ni "habari" na "pole" basi, na haiwezekani msichana aliyesoma kwa Kiingereza akae anapepeta mahindi.

Ndivyo nilivyokuwa mkalimani. Mimi, niliyekuwa nikiulizwa swali darasani najifanya natafuta kalamu chini ya dawati.

Siku ya kwanza nilisema kwa sauti ndogo mpaka daktari akasogeza kiti mara mbili. Mama Tabu, muuguzi wetu, hakuniacha. "Mwanangu, unamtafsiria daktari au unamroga?"

Nikazoea. Homa, kikohozi, mtoto hanyonyi. Maneno yanaingia kwa Kiswahili au Kizigua, yanatoka kwa Kiingereza. Tena niligundua jambo: kwa Kiingereza sioni haya. Yale maneno ya mwilini, ambayo nyumbani tunayazunguka kama shimo la choo, kwa Kiingereza nayataja kama nataja dirisha. Hayo sikuyapata kwa mama. Hayajawahi kunikaripia.

Basi nikadhani kazi nimeiweza.

Jumatatu ya wiki iliyopita akaingia Mzee Mhando. Nyumba yake na yetu zinatazamana. Yeye na baba wanaitana ndugu na kugawana ugoro. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kadi yake imeandikwa "Ndugu Mhando", maana kwenye kadi zetu kila mtu ni ndugu. Nikamuuliza anaumwa nini. Alinitazama, kisha akatazama dirisha.

"Mgongo," akasema. "Mgongo tu, mwanangu. Haya majembe."

Nilijua si mgongo. Muda mfupi kabla ya hapo nilimwona akitoka chooni nyuma ya zahanati. Alishika ukuta, jasho linamtiririka, akasimama pale mpaka kuku wakamzoea. Lakini binti atamuulizaje baba yake habari za chooni? Nikamgeukia daktari nikasema mgongo. Daktari akamgonga-gonga mgongoni, akampa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Mzee akashukuru, akaenda zake.

Nilitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Hilo ndilo linaloniuma.

Juzi, Jumatano, ilikuwa siku ya shamba la kijiji. Kila mtu na mstari wake. Mzee Mhando alilima hatua chache, akakaa. Akainuka, akalima, akakaa tena. Wanaume wakaanza.

"Mgosi, hilo jembe umelipa talaka?"

"Mwacheni mzee wa watu, anakaa edani."

Watu walicheka, na yeye alicheka kidogo. Kisha balozi wa nyumba kumi, ambaye hakuwa anacheka, akasema kwa sauti ya mkutanoni kwamba kijiji hiki hakifugi kupe, na Jumamosi jina lake litasomwa mbele ya wote. Kicheko kikakatika. Mtu mzima, mwenye wajukuu, kuitwa kupe mbele ya wajukuu hao hao! Mzee aliinamisha kichwa, akawa anachora mchanga kwa ncha ya mpini.

Mimi nilikuwa mstari wa tatu kutoka kwake. Nilijua kwa nini hawezi kulima.

Niliendelea kulima.

Jioni tulikaa kupukuchua mahindi, mimi na bibi mzaa mama. Nikamweleza yote, macho yangu kwenye ungo. Nilitegemea atashtuka. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulimwamkiaje?"

"Nilisema shikamoo, baba."

Akaliweka gunzi chini. "Sasa baba wa mtu atasema nini mbele ya binti yake? Umemfunga mdomo mlangoni. Mhando si kaka yangu, mtoto wa mama mdogo? Mama yako si anamwita mjomba? Kwako wewe ni nani?"

"Babu."

"Ulikuwa hujui?"

Hapa, daftari langu, ndipo penyewe. Nilikuwa najua. Kwa baba, Mzee Mhando ni jirani na ndugu. Kwa mama, ni mjomba. Njia zote mbili nilizijua, nikachagua ya baba kwa makusudi. Babu hutania. Babu atakuita mke wake mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, na wewe unatakiwa umjibu. Mimi nikitaniwa mbele za watu natamani ardhi inimeze. Nikimwita baba, ananiitikia kwa heshima na mambo yanaishia hapo. Nilijiona nina adabu. Kumbe nilikuwa najificha.

Jana sikupita zahanati kwanza. Nilivuka njia nikasimama mlangoni kwake.

"Shikamoo, babu."

Sauti ikatoka ndani, nyingine kabisa na ile ya zahanati.

"Marahaba, mke wangu! Kumbe mume unamkumbuka? Nilidhani umeshaolewa na yule daktari wako."

Mkewe akadakia kutoka jikoni. "Mchukue, mjukuu wangu, mchukue! Nimechoka na kukoroma kwake."

Masikio yakaniwaka. Nikafumba macho, nikasema, "Nimchukue wa nini, mume aliyeshindwa na jembe?"

Babu alicheka mpaka akashika kiuno. Kicheko kilipoisha hakutazama dirisha. Alinitazama mimi. Akaniambia kwamba tangu mfungo anakojoa damu, inamchoma kama pilipili, na siku nyingine nguvu zinamwishia kabisa. Alisema taratibu tu, kama anayeeleza habari za mvua. Mimi niliitikia tu, ehee, ehee, na haya yangu sijui ilikuwa imekwenda wapi.

Tukaenda zahanati pamoja. Kabla ya kutafsiri lolote nilimwambia daktari kwamba wiki iliyopita nilijua na sikusema. Sikujua Kiingereza kinaweza kuwa kizito hivyo. Alifuta miwani yake, akasema siku nyingine nimwambie pia yale wagonjwa wasiyoyasema. Kisha akauangalia mkojo kwenye hadubini, akaniita nichungulie. Niliona vijiyai vyenye mwiba mmoja mkiani. Kichocho. Dawa ipo, na ameshaanza. Daktari anasema atapona, ila jembe aliweke chini kwa muda.

Aliandika na barua kwa balozi, mimi nikaigeuza Kiswahili: Ndugu Mhando ni mgonjwa, asilime mpaka zahanati itakapomruhusu. Ugonjwa sikuutaja. Leo baada ya swala niliipeleka mwenyewe. Balozi aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema jina halitasomwa kesho, na maneno yake ya Jumatano atayafuta mkutanoni kwa kinywa chake. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Jumatano si ulikuwepo? Mbona hukusema?"

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

Ila Jumatatu, kabla sijamuuliza mtu anaumwa wapi, nitatafuta kwanza mimi ni nani kwake. Nikikuta njia mbili, nitashika ile itakayomwezesha kusema, hata kama ndiyo ninayoiogopa.

Hapo ng'ambo babu ameketi barazani na kikombe chake cha dawa. Ameniona.

"Mke wangu! Barua hiyo ndefu unamwandikia nani?"

Mstari mzima wa nyumba umesikia. Watoto wanacheka, na uso wangu unawaka moto. Nafunga daftari. Naenda kumjibu.