Aliyegeuza Dagaa Mbele ya Wageni

Mjukuu wangu Zawadi,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Katubuka tu wazima. Mama yako yuko Simbo analima, na goti langu bado linanisumbua.

Umeuliza kama umwamini huyo mwenzako wa ofisini anayevaa fulana ya haki za wanawake. Mie bado simwamini.

Nilipokuwa msichana, tukianika dagaa mchangani Kibirizi, kijana mmoja, Rajabu, alileta posa kwetu. Siku moja walikuja wageni wa serikali. Rajabu akashika ufagio, akageuza dagaa pamoja nasi, akatangaza kwamba kazi ya wanawake ni kazi ya wote. Tukampigia vigelegele. Wageni walipoondoka tu, mvua ikashuka ghafla, tukakimbia kuzoa dagaa wasiharibike. Rajabu alisimama barazani, mkavu, akitupigia kelele: "Fanyeni haraka, nyie wanawake!"

Kesho yake nikamwambia mama arudishe posa. Hata babu yako nilimchunguza msimu mzima wa mvua ndipo nikamkubali.

Sasa niambie: kikao kikiisha, na simu za kupiga picha zikirudi mifukoni, vikombe vya chai anaosha nani?

Bibi yako