Mkono wa Kukinga Jua

Mwanangu Mabula,

Kama gazeti hili limekufikia likiwa limefungia maandazi, lipanguse mafuta kwanza ndipo usome. Najua huko machimboni magazeti hufika hivyo. Anwani yako sina, ndiyo maana nakuandikia mbele za watu wote, na wakisoma wote sioni haya. Wajue wewe ni mtoto wa nani.

Kwa wasiokufahamu nawaambia: huyu ndiye aliyekuwa mpiga picha wa kwanza kwa ubora ufukweni kwetu Mwanza. Wenzako walikuwa na makamera makubwa ya kuning'iniza shingoni, wewe ulikuwa na kile kidude cha mfukoni ulichokitoa kwenye mitumba, na bado maharusi walikaa juu ya mawe wakikungojea wewe. Niliyaona hayo nikiwa kwenye karai langu, nikikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani. Kila mteja aliyeinama kuchagua nilimwonyesha kwa mwiko: yule pale mwenye shati jeupe ni wangu.

Unakumbuka siku ya kwanza niliposhika hiyo kamera? Uliichukua mikononi mwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe.

"Mama, vidole vyako vina mafuta. Kioo kikiguswa na mafuta, mwanga unatapakaa, mtu anatoka kama amesimama kwenye moshi."

Nikakujibu kwamba mafuta hayo ndiyo yaliyokusomesha. Ukacheka, ukachukua kipande cha fulana yako kuukuu, ukakihemea kile kioo na kukipangusa polepole kwa kuzungusha. Tangu hapo nikawa nanawa kwa sabuni kabla ya kuishika, kama naenda kula mezani kwa mchungaji.

Halafu ukanifundisha jambo ambalo hata wenye makamera makubwa naona hawakulijua vizuri. Ukasema kale kadirisha ninakochungulia si jicho lenyewe la kamera. Jicho liko pembeni, linaona ya kwake. Mimi naweza kumwona mtu safi kabisa, kumbe jicho linapigwa na jua, na picha zikisafishwa zinatoka na maputo meupe. Kwa hiyo nisiamini dirisha, niangalie kioo. Ndiyo maana ulikuwa unanyoosha kiganja juu ya kamera mpaka kivuli chake kikae kwenye kioo, lakini kisishuke sana vidole vikaingia pichani. Watu walidhani unawapungia. Mimi wa darasa la nne nilielewa siku hiyo hiyo, na wewe mwenyewe ulikiri kwamba wengine umewafundisha wakashindwa.

Na ile kofia ya kioo uliyoitengeneza kwa kikopo cheusi cha mkanda wa picha, ukakikata kitako na kukifunga kwa mpira wa baiskeli? Ya kwanza ulikata ndefu, pembe zote za picha zikatoka nyeusi. Jirani yetu Mama Neema akauliza kwa nini umempiga akiwa ndani ya bomba la maji. Ukaipunguza kidogokidogo kwa wembe, mpaka ikakaa sawa. Jua la pembeni halikukusumbua tena.

La mbele lilikuwa jambo jingine.

Siku uliyoondoka tulisimama kivukoni jua likiwa limeshaelekea ziwani. Ulisema kamera inabaki kwangu, vumbi la machimbo litakiua kioo. Ukataka tupige moja ya pamoja. Jiwe la kuegesha kamera lilikuwa upande wa barabarani tu, kwa hiyo ikabidi itazame ziwani. Ukaiweka ijipige yenyewe, taa yake ndogo ikaanza kupepesa, ukakimbia ukaja kunishika bega. Mara zote mkono wa kukinga jua ulikuwa wako. Siku hiyo mkono ulikuwa begani kwangu.

Picha iliposafishwa, wewe ulikuwa umeshavuka. Mimi nimetoka vizuri sana, nisifiche, kitenge kinaonekana hadi maua. Na vidole vyako begani naviona, hata kovu la wembe. Uso wako ni puto jeupe.

Kwa miaka yote uliyopiga wengine, hakuna aliyekupiga wewe. Picha yako ni hiyo tu.

Salamu zako za mwisho zilikuja na mchuuzi wa dagaa, kwamba umehamia machimbo mengine. Yapi, hakujua. Nikavaa, nikaenda Usagara pale magari ya huko yanapopita, nikawa naonyesha picha. Utingo mmoja, kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, akaigeuza juani, akaigeuza kivulini.

"Mama, hapa mbona kuna jua tu?"

Nikaichukua picha yangu. Nilipanda gari la kurudi, na tangu siku hiyo sijatoka tena kwenda mbali. Nikikufuata, nitauliza watu habari za mtu asiye na sura, na huku nyuma unaweza kurudi ukute mlango una kufuli. Nikibaki, hakuna wa kukufuata. Baba yako amemaliza kujenga vyumba vyetu Buswelu, anaishi huko. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja, anakaa kwenye kigoda, anatazama paa la wenyewe tunalolipia kodi.

"Mama Mabula, umeolewa na mimi au na huu mlango?"

Namwambia kijana anaujua huu. Anasema kijana ana mdomo, ataulizia. Amuulize nani, mwanangu? Mtaa umejaa wageni waliofuata sangara. Anayekujua kwa jina ni Mama Neema peke yake, naye anafungasha, anahamia Kisesa. Siku nyingine nasimama mlangoni na ufagio mpaka nasahau nilitaka kufagia ndani au nje.

Lakini kazi yako sijaiacha ife. Napiga picha kivukoni, na bila kujisifu, wale wenye makamera makubwa wanakuja kuchungulia kofia yangu. Vijana wanaovuka nawageuza, nawakinga kwa kiganja, nawapiga mmoja mmoja, halafu picha nawapelekea mama zao. Wale hawataambiwa kuna jua tu.

Kila mkanda naacha picha moja ya mwisho, hiyo ni yako. Nakusubiri, nakusubiri, mpaka Mama Neema anakuja kusimama mlangoni: "Picha za kipaimara cha mwanangu umeziweka rumande, utazitoa lini?" Hapo ndipo naurudisha mkanda na sehemu yako ikiwa tupu. Nimemwagiza mwenye studio aisafishe na hiyo. Inatoka nyeusi tii. Ananiambia nalipia giza, namwambia anipe giza langu.

Kwa hiyo ninaye Mabula wa jua tupu, na kwenye bahasha ninao akina Mabula wa giza tupu. Mwenye uso sina.

Mkanda uliomo sasa hivi umebakiza moja. Mama Neema anahama mwisho wa mwezi na safari hii hatanisubiri. Njoo usimame hapa mlangoni, baba. Saa kumi jua linaingia moja kwa moja, usilijali, wala usitafute jiwe la kuegesha kamera. Nitaishika mwenyewe. Kiganja cha kukukinga kipo, na nimeshakinawa kwa sabuni.

Ni mimi mama yako,
niliye bado mlangoni.