Mholanzi Wako Mezani Petu

Baba Neema, mume wangu,

Huku Mlalo mvua zimewahi, na nyuki wako wamehamia ule mzinga wa juu, karibu na migomba. Nakuandikia kwa sababu nina wivu, na aliyezoea kunisikiliza nikilalamika ni wewe.

Mke mwenzangu hakuwa mwanamke. Alikuwa Mholanzi wa kale, mchunguzi wa wadudu, aliyekufa kabla babu za babu zetu hawajazaliwa. Ulimsoma chuoni, ukaja naye nyumbani, ukamkalisha mezani. Nikipakua makande, wewe unanisimulia jinsi baba yake, muuza dawa, alivyomnunia kwa kukataa kazi ya udaktari. Nilijua alivyokaa juani bila kofia, akipasua nyuki kwa vimkasi vyake mpaka macho yakachoka. Siku niliyovaa gauni jipya hukuliona. "Mama Neema," ukaniambia, "watu wote waliamini mzinga una mfalme. Yeye akampasua huyo mfalme, akakuta mayai!"

Hata kwenye kipaimara cha Neema, uliposimamishwa umpongeze mtoto, ukawaeleza wageni habari za mayai yale. Mchungaji akakohoa. Mimi nikainamia sahani yangu, nikamchukia Mholanzi wa watu.

Ulipotutoka nilisema, haya, sasa wamekutana, wanapasua nyuki wao, na mimi nimeachiwa mizinga. Wivu hauna haya hata matangani.

Jumamosi nilikuwa sokoni na kabichi zangu. Akaja Eliza, uliyemfundisha baiolojia, siku hizi ni muuguzi.

"Shikamoo mama. Nikiona nyuki namkumbuka mwalimu! Kila akimaliza habari za yule Mholanzi alikuwa anatuambia, 'Masikini, alimjua malkia wa nyuki, lakini akafa hajaoa. Mimi malkia wangu yuko nyumbani, ananipikia makande.' Halafu anafuta ubao."

Nikamwambia marahaba, nikamchagulia kabichi kubwa kuliko zote.

Mholanzi nimemsamehe, Baba Neema. Masikini, kumbe ni yeye wa kunionea wivu mimi. Sasa nawaonea wivu wanafunzi wako. Darasa baada ya darasa waliambiwa wao, na mimi nilikuwa pale pale jikoni, nikilisubiri neno hilo hilo.

Ungeniambia na mimi. Hata mara moja tu, makande yakipoa.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema