Usifute Matobo ya Ukuta

Mujukuu wangu Mado,

Huku mutaani Hewa Bora tuko bazima, na nkambo wako mwanamuke, muke wangu, angali anasema sura yangu ni mubaya. Usimusikilize. Umeuliza kama utafute fundi afute matobo ya ukuta kwenye ile tablo, ile picha ya kuchorwa ya saluni ya kupokelea bageni. Hapana, mama.

Wakati wa Secession, jimbo yetu ilipojitenga na vita ikaingia, nilikuwa kijana, natengeneza velo, baisikeli za bantu, mbele ya duka ya mukate, fundi kupita bote. Muzungu mumoja wa Poland alikuja kuchora ile barabara yetu. Hakuacha hata dirisha moja, na matobo ya risasi akayachora pia. Jandarme mumoja, askari wa serikali, akamuambia: "Toa matobo. Muji wetu iko muzuri."

Muzungu akajibu polepole: "Muji wangu vita iliubomoa. Tuliujenga tena kwa kutazama tablo za zamani. Muchoraji angedanganya, tungejenga uongo."

Jandarme akainua buti apige tablo. Mimi, mwenye kashule kadogo tu, nikasukuma velo niliyokuwa natengeneza, nikasimama katikati. "Chef, mukubwa wangu, anza na hii velo. Lakini ni ya kapiteni wenu, anaingojea."

Alinitukana, akaenda. Velo ilikuwa ya katekista.

Muzungu alicheka, akanichora mbele ya ukuta, kisha akanipa tablo. Yule kijana mwenye kifua mbele ni mimi. Ukifuta matobo, bantu batafikiri nilisimama pale kwa kupigwa foto tu.

Nkambo wako, angali muzuri