Tumbo la Muuguzi

Jumanne, 4 Machi

Gemu letu limetoka leo saa nne asubuhi. Miaka mitatu ya kazi – na sasa liko mikononi mwa watu. Tulijazana nyuma ya kompyuta ya bosi kama watahiniwa wanaosubiri matokeo.

Filamu tuliyoigeuza gemu kila mtu anaijua: muuguzi anavuka mji uliotekwa na jeshi, amebeba dawa za majeruhi, hana silaha. Kwenye gemu wewe ndiye muuguzi. Humpigi mtu. Unanyata, unajificha, unabana pumzi. Masikio ya walinzi ni kazi yangu: wanasikia nini, kutoka umbali gani, wanageuka baada ya muda gani.

Jina langu liko mwishoni kabisa mwa orodha ya waliolitengeneza, mstari wa kumi na saba. Nimelipiga picha nikamtumia Mama. Kajibu: mbona maandishi madogo hivyo?

Jumatano, 5 Machi

Wahakiki wameanza. Wa kwanza katupa alama tisa juu ya kumi. Anasema hajawahi kuogopa kitasa cha mlango namna hii. Wa pili katupa nne. Nne! Eti tumechukua filamu nzuri tukaigeuza saa nane za kukaa chini ya meza. Rangi, mchoraji wetu, akasema angalau meza imetajwa – meza kaichora yeye. Tukacheka. Mimi kidogo tu.

Kinachowagombanisha Bwana Tisa na Bwana Nne ni tumbo. Muuguzi akikaa muda mrefu bila kula, tumbo linanguruma, na mlinzi aliye karibu anasikia. Bwana Tisa anasema hajaona kitu cha kweli kama hicho katika gemu lolote la vita. Bwana Nne anasema ni kama mtu kupiga chafya msibani.

Hilo tumbo nimeliweka mimi. Nimesoma sentensi ya Bwana Tisa mara sita.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna watu wamechukua ule mngurumo wakauwekea ngoma. Video inazunguka kila mahali. Kaka kanitumia na yeye, na vicheko vingi. Hajui tumbo lenyewe lilikotoka.

Nilikolitoa ni huku. Wakati wa vita, kabla sisi hatujazaliwa, Mama alijificha siku kumi na moja juu ya dari ya duka la mikate alikokuwa anafanya kazi. Hasimulii. Filamu alikataa kuiangalia. Lakini mwaka juzi, tukikunja nguo, nilimuuliza aliogopa nini zaidi kule juu. Akasema, "Tumbo. Miguu unaweza kuituliza. Tumbo halina adabu." Kisha akaniambia nimpe shuka lile lingine.

Kesho yake nikaliweka kwenye gemu. Sikumwambia.

Wacheke tu. Najua nilichotengeneza.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi kaniita. Si mtu mbaya, ila usiku wa malalamiko umemzeesha. Wachezaji wanakwama kwenye nyumba ya ghorofa: mtu anajificha vizuri kabatini, hajakosea kitu, mlinzi anaingia, tumbo linamchongea. Wanasema wanaonewa. Sasisho linatoka Jumanne saa kumi na moja jioni na tumbo linaondoka.

Nikasimama. Sauti ikatoka safi: "Ukilitoa tumbo, toa na jina langu."

Hata Rangi, meza ya jirani, aliacha kutafuna. Bosi akasema nina hadi Jumanne kumwonyesha kwa nini libaki.

Sijui nitamwonyesha nini. Lakini nimesema!

Jumapili, 9 Machi

Nimeenda kwa Mama nikamweleza yote. Nilidhani atakasirika kwamba nimechukua siri yake nikaiuza dukani. Alikuwa anapiga pasi. Akaisimamisha.

Akauliza, kwa hiyo watu wanalicheka tumbo lake? Nikasema wengine. Wengine wanalia. Akataka kujua wanaolia ni wangapi. Nikasema sijawahesabu.

Akapiga pasi kola mbili. Halafu akasema Jumanne atakuja ofisini kuliona mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Mama kafika saa nane na viatu vya kutokea, mkoba magotini. Bosi kamwamkia shikamoo na kumvutia kiti chake mwenyewe. Rangi kamfundisha pedi ya kuchezea: kidole hiki kutembea, hiki kuinama. Nusu saa nzima muuguzi anagonga kuta. Hakuna aliyecheka.

Kisha ghorofani. Mama akaingia kabatini. Mlinzi akafungua mlango, akasimama. Tumbo likanguruma. Kakamatwa. Akarudia – kakamatwa. Mara ya tatu akaweka pedi mezani.

"Mwanangu, hapa umekosea."

Mbele ya bosi.

"Akiwa amesimama pale, tumbo halilii. Linakuwa jiwe. Linalia akishaondoka. Ukishajiambia umepona – ndipo."

Bwana Nne alikuwa na haki, pamoja na wote waliosema wanaonewa. Hawakujua tu kwa nini. Mimi niliyejiona najua nilikuwa nimesikia nusu, nikakimbilia kompyuta. Niliona aibu kama dakika moja hivi. Halafu ikaja fahari ambayo hata alama tisa hazikunipa. Mama yangu kakaa kwenye kiti cha bosi akarekebisha vita vyetu!

Bosi akaangalia saa. Tisa na dakika kumi. Akauliza kama inawezekana. Nilikuwa nimeshaanza kuandika. Hofu ikipanda, tumbo linyamaze. Mlinzi akitoka, lingoje. Nikamuuliza Mama lingoje kiasi gani. Akafumba macho. Akasema, mlinzi akishuka hadi ngazi ya nne, au ya tano. Sikumuuliza zaidi. Nikaandika nne au tano.

Sasa ni kumi na nusu. Naandika hapa huku kompyuta ikitayarisha toleo jipya, vinginevyo nitatafuna kucha zote. Rangi kaleta chai, hakuna anayeinywa. Bosi kasema tukishindwa hili, anatoa tumbo, basi. Nimekubali.

Tayari. Limefunguka.

Mama ana pedi. Kabatini. Mlinzi ameingia, amesimama – kimya. Kimya kweli. Bosi amesogea hadi bega la Mama. Mlinzi anageuka. Anatoka. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Mama ameachia pedi, mikono yote miwili ameibana tumboni, tumbo lake mwenyewe. Ya tatu –