Vyombo Nje, Baba Ndani

Jumamosi, 7 Juni

Naahidi kuandika yote, hata yatakayonitia aibu. Vyombo nimeosha. Uji wa Baba nimepoza, amekunywa nusu kikombe. Amekohoa tangu alfajiri.

Nilifika jana kutoka bwenini Shinyanga na sikuitambua nyumba. Vyumba viwili tu hapa Kalangalala, na hakuna pa kuweka mguu. Kabati limeziba dirisha. Chini ya kitanda cha Baba kuna viroba vinne vya marudio, ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa kwenye karasha. Dhahabu yake imeshakamuliwa mara moja, lakini Baba anasema bado kuna kitu ndani.

Kwa Baba kila kitu ni marudio. Redio iliyokufa, marudio. Ndoo iliyotoboka, marudio. Mama akigusa chochote, sauti inatoka kitandani: "Acha hiyo, Mama Minza. Hayo marudio."

Jumatatu, 9 Juni

Tumempeleka kliniki. Daktari ametuonyesha picha ya mapafu. Vumbi la mawe. Miaka yote ile ya kuponda miamba duarani, kule shimoni kwenye dhahabu, imekaa pale kifuani. Halitoki, amesema. Ila linaloingia sasa linaweza kuzuiwa. Akauliza analala wapi, na chumba kikoje. Mama akataja viroba. Daktari akavua miwani.

"Mama, mchanga huo una zebaki. Utoeni. Na makorokoro yote yanayoweka vumbi, yatoke."

Nilifurahi. Ni aibu kuandika, lakini nilifurahi. Kumbe kuna kazi ya kufanya, na mimi kazi naiweza.

Jumatano, 11 Juni

Baba amekataa. Amegeukia ukutani tangu jana. Anasema tunampekua kama mtu aliyekwisha kufa. Mama alikwenda kulia jikoni, akasingizia moshi. Nilimchukia Baba kwa muda mfupi. Si mfupi sana.

Jioni amekubali. Ila kofia yake ya kuingilia duarani, nyundo na moko, ile patasi yake ya kutobolea miamba, visiguswe.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ndefu. Naandika kwa mpangilio.

Tulianza saa mbili asubuhi. Baba tulimlaza kwenye mkeka chumba cha nyuma. Kisha mimi na Mama tukatoa kila kitu nje: makochi, meza, kabati, magodoro. Tulimwagia sakafu maji kabla ya kufagia, vumbi lisipande, yakatiririka hadi nje mlangoni. Mama alijifunga khanga kichwani. Macho yetu yalikuwa mekundu kwa vumbi.

Hatukufikiri. Mtaani kwetu makochi yakitoka nje yote kwa pamoja, maana yake ni moja: ndani panatengenezwa nafasi ya wanawake kukaa msibani. Na kila mtu anajua Baba anaumwa.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mama Shija. Alikata kona na beseni la nyanya kichwani, akaona makochi. Beseni likaanguka. "Baba Minza weee! Umetuacha na nani!" Muda si muda wakawa wanawake saba, khanga viunoni, mmoja ameshika mkeka. Wanaume wawili wakaleta kuni. Mama akasema hapana, hapana jamani, hajafa. Wakadhani ni uchungu. Wakamshika mikono, wakamkalisha chini: "Jikaze, mayu, jikaze mama." Mimi nilisimama na fagio.

Ndipo Baba akatokea mlangoni. Ameshika ukuta, shuka begani.

"Mama Shija, punguza sauti. Marehemu amelala."

Mwanamke mmoja alikimbia, akaacha kandambili. Mama Shija akakaa pale pale kwenye matope yetu.

"Mshenzi wewe! Nimekulilia machozi ya akiba!"

"Nimekusikia. Ulianza vizuri, katikati ukaishiwa maneno."

Tulicheka wote. Kwa kuwa walishajifunga khanga, walibaki kusaidia. Viroba viliondoka kwa mkokoteni wa ng'ombe, vikarudi kwa mwenye karasha. Saa kumi nyumba ilikuwa tupu na safi.

Baba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Hilo pia niliahidi kuandika.

Jumanne, 17 Juni

Dirisha linafunguka! Lilizibwa tangu niko darasa la nne. Baba amelala usiku kucha bila kuketi. Mama amepata kadi ya kliniki mara moja, hakupekua, hakugomba. Panya wamehama. Mimi na mdogo wangu Kabula tuna sehemu ya sakafu ya kuandikia. Jana tumekula wote wanne kwenye mkeka mmoja, na hakuna aliyelazimika kula amesimama. Mama alikuwa anaimba. Nilisahau kwamba huwa anaimba.

Niliandika "nafasi ni dawa". Nimekata. Ni dawa ya nyumba. Ya mapafu sijui.

Jumapili, 22 Juni

Sasa Baba mwenyewe ndiye anayetoa vitu. Kofia, nyundo na moko amempa mchimbaji mwenzake aliyekuja kumjulia hali. Hakuombwa. Koti la kanisani amempa mume wa Mama Shija. "Linanibana," kasema. Halimbani. Linamning'inia.

Nimefurahi. Nimemwambia Mama, Baba amebadilika. Mama ameendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 26 Juni

Baiskeli imeondoka. Redio imeondoka. Leo ameniita, akavua saa yake mkononi. "Ya kukuwahisha darasani, mama." Sijawahi kumwona bila ile saa. Mkono wake una alama nyeupe ilipokuwa. Nilisema asante Baba, kwa heshima, kwa mikono miwili. Kisha nilikwenda chooni nikalia.

Neno lile hajalisema tena tangu Jumamosi ile ya makochi. Nimesikiliza siku nzima. Hata kifuniko cha chupa hakiiti marudio.

Jumatano, 2 Julai

Pumzi imerudi kuwa fupi. Chumba ni kisafi, sakafu inang'aa, dirisha liko wazi, na bado. Nina hasira na daktari. Nina hasira na sakafu.

Mama Shija amekuja na maziwa. Hakuna utani. Aliniita uani. "Ng'wanone, kaa naye karibu." Mwanangu, ameniita, yeye ambaye kila siku huniita Kiingereza Kingi. Nilijua.

Nilimuuliza Mama kama Baba atapona. Alisema nikasome vitabu vyangu.

Nimezikunja nguo za Baba. Zote zimeingia kwenye kapu moja. Mtu mzima, kapu moja.

Ijumaa, 4 Julai

Leo nilitaka kuvirudisha. Vyote. Nilifikiri nikiomba ile kofia, nikaitundika ukutani, na koti pale msumarini, Baba ataona bado ana mambo ya kufanya. Nilifika hadi mlangoni kwa Mama Shija. Mumewe alikuwa amelivaa koti. Nikamwamkia shikamoo, nikarudi.

Jumapili, 6 Julai

Kesho narudi shule. Sanduku langu liko mlangoni. Kabula amelala. Mama anachemsha maji.

Upepo unaingia. Baba amelala ubavu, anatazama nje, uso umetulia. Kuzungumza kunamkata pumzi, hivyo tangu jana tunaandikiana. Naweka karatasi na kalamu karibu na kikombe chake, naye anajibu. Asubuhi niliuliza chai au uji. Akaandika "Chai." Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Karatasi ya leo nimeiandika mara tatu. Nainakili hapa kabla sijaipeleka.

Baba, shikamoo. Sisi tulitoa vitu ili upate hewa, ukae nasi. Wewe je, unatoa vyako ili ukae, au unatupunguzia kazi ya kuvigawa baadaye? Basi linaondoka saa moja asubuhi. Naomba unijibu kabla.