Unga Wako Niliompa Gavana

Kwako papa,

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na kila nikifika Kasungami kumwona mama naona haya kukalia kiti chako. Nageuza ndoo, nakaa hapo. Mama ananitazama tu. Barua hii naiandika wazi, aisome yeyote, kwa sababu uongo wangu nao ulisomwa na yeyote.

Unakumbuka safari ile ya kutoka Kongolo? Nilikuwa na miaka tisa. Wewe, fundi wa breki wa reli, ulikuwa unarudi Lubumbashi na gunia la unga wa mahindi, chakula chetu cha mwezi. Injini ikafa porini siku nne, mabehewa yamejaa watoto wa watu. Ukakata kuni, ukaazima sufuria, ukawapikia bukari, ugali wetu, mpaka unga ukaisha. Ulifika nyumbani gunia umelikunja kwapani. Mama aliwaka kweli kweli. "Na hii batoto ni ya nani?" Ukajibu polepole, "Bale njo balikuwa karibu na miye." Tulikula sombe tupu, majani ya muhogo bila bukari, wiki nzima, nami nilikununia. Nilipokua kidogo nikaanza kujivuna, nikawa nasimulia kisa hicho shuleni hadi wenzangu wakanichoka.

Halafu yule gavana wa zamani wa jimbo jingine, mwenye nyumba kubwa Karavia, akataka kurudi kwenye siasa. Akaniita nimwandikie kitabu kidogo cha maisha na kazi yake. Ugavana wake haukunisumbua: madaraja, mikutano, picha za kukata utepe. Tatizo lilikuwa utoto wake. Ulikuwa laini mno, gari la baba yake likimngoja kila siku mlangoni pa shule. Msemaji wake akaniambia, "Tia kitu ya kugusa roho ya bantu." Nami nilikuwa naitamani meza ya kazi ofisini kwao. Nikachukua unga wako nikampa. Niliandika kwamba yeye, akiwa mwanafunzi, ndiye aliyewapikia watoto wale treni ilipoharibika. Hata sufuria ya kuazima niliiweka.

Sikufikiri kitakufikia, lakini kiligawiwa parokiani baada ya misa. Ulikisoma chote, kidole kikifuata mstari. Kisha ukaniuliza bila hasira yoyote, "Kumbe ule bwana naye alikuwaka mu ile treni? Miye sikumuonaka."

Papa, nafasi ya kusema kweli ilikuwa hiyo. Nilisema, "Ndiyo, papa. Bantu balikuwa bengi, pengine ulimusahau."

Jibu hilo linanitia aibu kuliko kitabu chenyewe, kwa sababu uliniamini. Wewe uliyeijua kila bolti ya behewa lile, ukaanza kuitilia shaka akili yako. Ukawa unamtafuta kichwani mwako, na ulipougua ukampata. Uliwaambia wageni waliokuja kukuona, "Kulikuwa kijana mumoja mwembamba, alinisaidia kukata kuni. Njo ule alikuwa gavana. Mungu amubariki." Mimi nilikuwa nimeshika kikombe chako cha chai. Nikakusogezea mdomoni.

Siku ya mazishi nilisimama, kama inavyompasa mtoto wa kwanza, nisome maisha yako kabla jeneza halijatoka. Nilipofika kwenye treni, nikaisoma vile ulivyoisimulia mwishoni, kijana yule akiwa ndani. Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Tulipotoka makaburini alinishika mkono, akasema, "Papa yako alikufa anashukuru muntu ule. Ni weye njo ulimufundisha?"

Nilitazama viatu vyangu hadi akaniachia mkono.

Meza ile niliipata, papa. Juzi nimeiacha, ingawa najua kuacha meza hakukurudishii kitu. Padri amekubali nisome barua hii Jumapili, mbele ya watu walewale waliopiga makofi, mama akiwa kwenye benchi ya mbele. Sijui nitaweza kuinua macho. Ningekuwa mtoto wa kufaa, ningekwambia wewe kwanza, ulipokuwa bado unasikia. Nakwambia sasa, nimechelewa.

Pumzika, papa. Hakukuwa na kijana. Kuni zile ulizikata peke yako.

Mimi, mtoto wako wa kwanza